Fundi wa Tope Ukutani: Somo la Nyigu Darasani

Pembeni mwa dirisha la darasa au chini ya bati, mara nyingi hunata kibonge cha udongo. Wengi hukibandua kwa ufagio. Mwalimu, kitumie kwanza: ni somo zima la sayansi lisilodai hata shilingi.

Mjenzi wake ni nyigu wa udongo, mweusi, mwenye kiuno chembamba kama uzi. Mavu huishi kwa kundi. Lakini jike wa nyigu huyu hujenga peke yake. Hubeba tope kwa taya, donge baada ya donge, mpaka kijumba kikamilike. Kisha huwinda buibui, huwapooza kwa mwiba wake, huwasheheneza ndani, hutaga yai moja na kuziba mlango. Buu akianguliwa, chakula kipo.

Hatua za kufuata

1. Tafuta kiota kikuukuu ambacho kila chumba kina tundu la duara. Hapo ndipo nyigu mpya alipotokea. Kibandue mwenyewe kwa kisu, watoto wakiwa mbali. Kiweke ndani ya chupa iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua kwa wiki moja, kwani wadudu wengine hupenda kuhamia humo.

2. Kipasue ubavuni. Watoto wahesabu vyumba, watafute miguu mikavu ya buibui na ganda jembamba la kahawia ambamo buu aligeuka kuwa nyigu.

3. Kila kundi lipewe udongo na maji, lifinyange chumba kimoja. Sharti: vidole viwili tu, badala ya taya, na vidonge visivyozidi punje ya harage. Wahesabu vidonge. Wenye udongo wa kichanga wataona ukimomonyoka. Wenye maji mengi wataona ukuta ukilala.

4. Kukiwa na tope karibu na bomba la shule, wamtazame nyigu akichota, wakiwa hatua kadhaa nyuma. Waandike anarudi baada ya dakika ngapi.

Tahadhari

Nyigu huyu huuma kwa nadra, lakini asishikwe. Mizinga ya nyuki na viota vya mavu visisogelewe kabisa. Ulizia mapema kama kuna mtoto anayevimba sana akiumwa na mdudu. Mwishoni wote wanawe mikono kwa sabuni.

Funga kipindi kwa swali: kwa nini buibui hupoozwa, hawauawi? Wape muda wabishane mpaka mmoja akumbuke kuwa mzoga huoza.

Mtoto aliyefinyanga chumba kimoja kwa vidole viwili mpaka mkono ukachoka, atasita kabla ya kuinua ufagio.