Homa ya mtoto mwenye kinga dhaifu: malaria ikikosekana, usirudi nyumbani

Mtoto kachomwa kidole, kipimo cha malaria kimesema hana. Wazazi wengi hapo hushusha pumzi, wakapitia duka la dawa kuchukua panadoli na kurudi nyumbani. Kwa mtoto anayeishi na VVU, mwenye selimundu au utapiamlo mkali, usifanye hivyo. Huenda bakteria wameingia kwenye damu. Kule Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, lakini waliougua malaria kweli walikuwa 14 tu.

Bakteria anayewaandama sana watoto hawa ni salmonela isiyo ya taifodi. Mtoto mwenye afya humharisha tu. Mwenye kinga dhaifu humwingia kwenye damu, mara nyingi bila kuhara kabisa. Utaona homa na kupumua haraka, watu waseme nimonia.

Siku hiyohiyo, hata usiku, mpeleke hospitali inayolaza, kama ya rufaa ya mkoa, na kadi yake ya CTC (kliniki ya VVU) au ya kliniki nyingine. Anza na ugonjwa wake: “Daktari, mwanangu ana selimundu, homa imemshika jana jioni.” Taja kila dawa aliyokwishameza, hata amoksilini ya siku moja, maana antibayotiki ikitangulia bakteria hawaoti vizuri maabara.

Uliza kama damu yake inaweza kuoteshwa. Muuguzi atasafisha ngozi kwa spiriti, aache ikauke, ndipo achote mililita chache. Usihofu kwamba wanammaliza damu. Majibu huchukua siku kadhaa, lakini sindano za antibayotiki hazisubiri majibu hayo. Hospitali isiyootesha damu nayo humwanzishia matibabu.

Mwenye utapiamlo mkali anaweza asichemke hata kidogo, na hili nalisisitiza kwa sababu linawaponyoka wengi. Mguse tumbo na miguu. Akiwa wa baridi, kalegea, hataki kunyonya, ni dharura ileile. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, na kama anameza, mpe ziwa au maji ya sukari kidogokidogo njiani.

Mkiruhusiwa kabla majibu hayajatoka, acha namba ya simu wodini na uulize siku ya kuyafuata: wapo bakteria sugu, na huenda dawa ikabidi ibadilishwe.