Somo la 7: Akamleta Nje

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 15:1–6, 1 Wafalme 19:1–8, 2 Wafalme 20:1–7, Ayubu 38:1–11, Zaburi 23, Marko 2:1–5, Warumi 8:18–25.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 4:16. Lisome kwa sauti kila siku ya juma hili. Zingatia mambo mawili ambayo Paulo anayaweka pamoja: mwili wa nje unachakaa, na wakati huohuo utu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku.

Mkazi wa Kigoma anapoambiwa kwamba ana saratani, maisha yake hugeuka kuwa safari na vyumba. Kutoka Hospitali ya Maweni huenda akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au akasafiri mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko kuna chumba cha kusubiri, chumba cha mionzi, na wodi. Akirudi nyumbani analazwa chumba cha ndani, pazia linashushwa, na wageni wananong'ona sebuleni. Taratibu watu wanaacha kumwita kwa jina lake. Sasa yeye ni "mgonjwa".

Abramu naye alikuwa ndani ya hema, akihesabu alichokosa, Mungu alipomleta nje na kumwonyesha nyota (Mwanzo 15:5). Mtoto hakuzaliwa usiku ule, lakini Abramu alirudi hemani akiwa na imani ambayo hakutoka nayo.

Juma hili tutajifunza jinsi Mungu anavyowatia nguvu wanaoumwa kwa kuwatoa nje, katika uumbaji wake. Tutaona pia mpaka wa jambo hilo. Upepo wa ziwa hauondoi uvimbe, na hakuna aliyeitwa na Mungu kuacha matibabu kwa ajili yake.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Mungu alimpa Eliya nini kwanza, kabla ya kumpa agizo lolote?

Eliya aliomba afe. Wengi waliokaa miezi kadhaa kwenye matibabu ya saratani wanaijua sala hiyo, hata kama hawajaisema mbele ya wazee wa kanisa. Angalia kwamba Mungu hakumkemea. Alimwacha alale chini ya mti. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mara ya pili alimwambia ale kwa sababu safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake.

Uchovu wa saratani si uchovu wa kulima. Unatokana na ugonjwa wenyewe na pia na dawa na mionzi, na kulala peke yake hakuumalizi. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba mazoezi mepesi kama kutembea, kwa kadiri ya nguvu za mgonjwa, huupunguza uchovu huo. Hivyo aliyezoea kutembea toka Ujiji mpaka Kigoma mjini asione haya kuanza na hatua kumi. Leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwenye mwembe wa jirani. Siku nyingine atashindwa kuamka, na siku hiyo atalala bila kuhesabiwa kosa.

Je, kuna mtu katika darasa lako ambaye amehimizwa "kuwa na imani" wakati alichohitaji ni usingizi, chakula na kivuli?

JUMATATU
Jibu Lililotoka Katika Tufani

Soma Ayubu 38:1–11. Ayubu alitaka kujua nini? Mungu alimwonyesha nini?

Kuanzia sura ya 3 mpaka ya 37, Ayubu na wenzake wanabishana juu ya swali moja: kwa nini? Nani alikosa? Swali hilo bado linaulizwa. Mgonjwa wa saratani husikia habari za kurogwa, za dhambi iliyofichwa, za laana ya ukoo. Mungu aliposema hatimaye, hakuligusa swali hilo kabisa. Alimtembeza Ayubu nje: bahari na mipaka yake, umande, simba, kunguru na makinda yake, mbuzi-mwitu wanaozaa miambani. Ayubu hakuambiwa sababu ya mateso yake hata mwisho wa kitabu. Alichopata ni kumjua upya Yule anayevishika vyote.

Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika ana ukurasa huo mbele ya macho yake. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, takribani mita 1,470, na urefu wake ni kama kilomita 670, likigawanywa na nchi nne. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinatapakaa majini kama mji. Aliyeketi pale hapimwi damu wala haulizwi majibu yametoka lini. Kwa nusu saa anaangalia kitu ambacho si ugonjwa wake.

Lakini soma pia Warumi 8:18–25. Uumbaji nao unaugua. Ziwa hilohilo hupindua mitumbwi na kuacha wajane, na katika maji yake ya kando wamo konokono wanaobeba kichocho. Kwa hiyo hatuendi ziwani kuliabudu wala kulitafutia nguvu za uponyaji. Ziwa ni shahidi. Linamtaja aliyeliumba, na linangoja ukombozi pamoja nasi.

Ni kitu gani katika uumbaji ulio karibu nawe kimewahi kukutuliza bila kukujibu swali lako?

JUMANNE
Tini za Isaya

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Ikiwa Mungu alikwisha kuahidi kumponya Hezekia, kwa nini Isaya aliagiza tini?

Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa: miaka kumi na mitano zaidi. Hata hivyo nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu, na hakuna aliyeona kwamba dawa ile iliitukana ahadi.

Jambo hili linatuhusu sana. Waadventista wamefundishwa tangu zamani kanuni za afya: lishe bora, mazoezi, maji, mwanga wa jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu. Ni urithi mwema. Lakini urithi huo umetumiwa vibaya pale ambapo mgonjwa ameshauriwa aache tibakemikali au mionzi, abaki na juisi, jua na maombi. Saratani nyingi, ikiwamo ya mlango wa kizazi na ya matiti, hutibika vizuri zaidi zikigunduliwa mapema. Anayecheleweshwa kwa ushauri wa ndugu wa kanisani hurudi hospitalini wakati yaliyowezekana hayawezekani tena. Kanisa ambalo lenyewe linaendesha Hospitali ya Heri hapa mkoani Kigoma haliwezi kufundisha kwamba hospitali ni upungufu wa imani.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti. Nusu nyingine lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa hospitalini siku chache zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hawa hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini funzo linafaa. Wote walipasuliwa. Dirisha halikuchukua nafasi ya daktari; lilimsaidia mgonjwa kuipokea kazi ya daktari.

Utamjibuje mshiriki anayesema kwamba kwenda hospitali ni kutomwamini Mungu?

JUMATANO
Aliyebaki

Soma Zaburi 23. Mchungaji yuleyule anaongoza mahali pawili. Ni wapi na wapi?

Kaskazini ya mji wa Kigoma, kwa boti, ndipo ilipo Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe mtu. Mwaka 1975 aliolewa na Derek Bryceson, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo katika serikali ya Mwalimu Nyerere na wakati huo akiongoza Hifadhi za Taifa. Bryceson aliijua dhiki ya mwili mapema. Alikuwa rubani katika Vita ya Pili ya Dunia, akaumia mgongo, akaambiwa hatatembea tena, naye akajifunza kutembea kwa fimbo. Lakini saratani hakuishinda. Alifariki Oktoba 1980.

Mjane wake alirudi Gombe. Katika kitabu chake *Reason for Hope*, kilichotoka mwaka 1999, anaeleza jinsi msitu ule, mvua yake, miti yake na sokwe aliowafahamu kwa miaka mingi, ulivyomrudishia amani polepole. Hakuandika kama Mwadventista, na si yote aliyoamini tunayakubali. Bado ushuhuda wake unastahili kusikilizwa, kwa kuwa msitu haukumrudishia mumewe. Ulimwezesha kuishi tena.

Zaburi 23 inaweka majani mabichi na bonde la uvuli wa mauti katika wimbo mmoja. Hatuchagui kati ya hayo mawili. Na wanaopita bondeni si mgonjwa peke yake. Yuko binti aliyeacha biashara yake sokoni ili amuuguze mama yake. Yuko mume anayelala kwenye kiti. Hao nao mara nyingi hawajatoka nje kwa majuma. Yesu aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawaita kando wapumzike (Marko 6:31).

Mtaje kimoyomoyo mtu mmoja anayeuguza. Ni lini mara ya mwisho alitoka nje kwa ajili yake mwenyewe?

ALHAMISI
Watu Wanne

Soma Marko 2:1–5. Yesu aliiona imani ya nani?

Mwenye kupooza hakujifikisha. Walimbeba. Ujiji yenyewe ina habari kama hiyo. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa pale, mgonjwa na aliyeishiwa, Stanley alipomfikia akiwa na chakula, dawa na barua. Nguvu zilimrudia, na kabla mwaka haujaisha wawili hao walikuwa mtumbwini wakielekea kaskazini ya ziwa. Livingstone alifariki mwaka 1873. Urafiki ule haukumwondolea kifo. Ulimpa siku za kuishi.

Darasa la Shule ya Sabato linaweza kuwa watu wanne hao. Sabato alasiri, badala ya kwenda kumwimbia mgonjwa chumbani, mtoeni nje, mkizingatia haya:

• Mwulizeni yeye kwanza. Akisema "leo hapana", mheshimuni.

• Daktari wake ajue. Baadhi ya dawa hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, na sehemu iliyopigwa mionzi lazima ifunikwe. Beba mwavuli na kanga.

• Nenda asubuhi au jua likishapoa, mrudi kabla mbu hawajatoka.

• Kaeni ufukweni, msiingie majini. Kichocho na vidonda havifai kwa mwili ambao kinga yake imeshuka.

• Epukeni mwalo wenye msongamano. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani.

• Kodini bajaji, mbebe kiti, maji ya kunywa, na mjue choo kilipo.

• Anayepata homa wakati wa tibakemikali apelekwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

• Msimletee ushauri wa mizizi wala habari za waliokufa. Ongeeni habari za mavuno, watoto, bei ya migebuka. Kunyamaza pia ni ibada.

Na yule ambaye hospitali imesema haina zaidi la kumfanyia? Huyo ndiye asiachwe ndani. Kitanda kinaweza kusogezwa mpaka barazani. Paulo hakusema kwamba utu wa ndani hufanywa upya kwa wanaopona tu. Alisema siku kwa siku, na siku ya mwisho nayo ni siku.

Darasa lako litamtoa nani nje Sabato hii? Nani atatafuta bajaji?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Isaya 40:26–31 na Ufunuo 22:1–5. Ellen G. White, katika *The Ministry of Healing* (1905), alitenga sura nzima kwa habari ya wagonjwa na uumbaji, akishauri watolewe nje kwenye hewa na miti. Linganisha ushauri huo na masomo ya Jumapili na Jumanne.

Biblia inaanza bustanini na kuishia kando ya mto, penye mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Kila mgonjwa anayesaidiwa kuketi chini ya mwembe wa Ujiji ameonjeshwa kidogo habari ya mti ule. Mwembe hauwezi kumpa uzima. Lakini kivuli chake ni cha kweli, na aliyekiumba anakuja.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kuponywa na kufanywa upya. Kwa nini kuchanganya mambo hayo mawili kumewaumiza baadhi ya wagonjwa kanisani?

2. Ni maneno gani tunayowaambia wagonjwa wa saratani, tukidhani tunawafariji, ambayo wenzake Ayubu nao waliyasema?

3. Kanisa lenu linaweza kufanya nini ili mwenye dalili aende kupimwa mapema bila aibu?

4. Kama katika darasa yumo anayeishi na saratani au anayeuguza, na yuko tayari kusema, mpeni nafasi aeleze anachohitaji. Wengine wasikilize bila kutoa ushauri.