Ndege Ndogo Ikianguka Porini: Kijitabu kwa Wakazi wa Runazi na Vijiji Jirani

Ndege ndogo ikianguka mbali na mji, mtu wa kwanza kujua mara nyingi ni mchungaji, mrina asali, mchoma mkaa, au mama aliyekuwa akipalilia muhogo akasikia ngurumo ya injini ikikatika ghafla nyuma ya kilima. Wenye sare, magari na redio watafika, lakini watafika kwa maelezo yake. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake.

Runazi iko katika ukanda wa vilima na misitu ya miombo wilayani Biharamulo, upande unaoelekea Ngara na mipaka ya Rwanda na Burundi. Jirani yetu mkubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopatikana mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Juu ya pori hilo hupita ndege za watalii, za doria na za kuhesabu wanyama. Wazee wanakumbuka pia ndege za misaada za mwaka 1994, pale wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Nyingi ya ndege hizi zina injini moja au mbili, na baadhi huruka chini sana kwa sababu kazi yenyewe inataka hivyo.

Serengeti, 10 Januari 1959

Ajali ya ndege ndogo inayojulikana kuliko zote katika mbuga zetu ilitokea kabla ya Uhuru. Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuja na ndege aina ya Dornier Do 27 waliyoipaka mistari ya punda milia. Serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadili mipaka ya Serengeti, na hakuna aliyejua kwa hakika wanyama walikuwa wangapi wala walihamia wapi mvua zilipobadilika. Baba na mwana waliruka juu ya nyika wakihesabu kundi baada ya kundi. Jumla yao mwaka 1958 ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Mfugaji atapenda kujua kwamba miaka iliyofuata nyumbu peke yao walizidi milioni moja, na sababu kubwa ilikuwa chanjo ya sotoka iliyotolewa kwa ng'ombe: ugonjwa ulipotoweka kwenye mazizi, nyumbu nao wakapona.

Asubuhi ya ajali Michael alikuwa peke yake ndani ya ndege. Aligongana na tumbusi. Ndege huyo mzito aliliharibu bawa la kulia na kuzikwamisha nyaya za kuongozea, na Dornier ikaanguka. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelala karibu naye. Filamu waliyoipiga pamoja ilikamilishwa na baba na kupata tuzo ya Oscar. Shirika la uhifadhi la Frankfurt lililoongozwa na Grzimek ndilo lililopeleka sokwe katika kisiwa cha Rubondo, humu humu Ziwa Victoria, kuanzia mwaka 1966. Kwa hiyo kazi yake ilifika hadi ukanda wetu, hata kama wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Kuna wanaodhani kwamba ndege hudondoshwa na mambo makubwa tu: dhoruba, injini kufa, rubani kupotea. Tumbusi mmoja anatosha. Uzito wake hufika kilo saba au nane, na ndege ikimkuta katika mwendo wa kilomita 200 kwa saa, pigo lake huweza kukunja bati la bawa. Naye hana mpaka wa kimo: mwaka 1973 ndege ya abiria iligongana na tumbusi juu ya Abidjan, Ivory Coast, ikiwa zaidi ya kilomita 11 kutoka ardhini. Kwetu hatari iko chini zaidi, karibu na viwanja vidogo vya ndege. Mzoga wa ng'ombe ukiachwa karibu na kiwanja huwaita tumbusi kutoka mbali, nao huanza kuzunguka katika hewa ile ile ambamo rubani anashuka. Mzoga ufukiwe, au uburutwe mbali, na anayelinda kiwanja ajulishwe.

Mtu aliyetangazwa amekufa

Upande wa pili wa Kagera, nchini Uganda, tarehe 23 Januari 1954, Cessna 180 ilimbeba mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Mary kwenda kutazama maporomoko ya Murchison. Rubani, Roy Marsh, akiwakwepa ndege wa porini, aligonga waya wa simu uliokuwa umetelekezwa, akalazimika kuishusha ndege vichakani. Wote watatu walitoka hai. Kwa kuwa kando ya mto kulikuwa na tembo, walipanda mahali pa juu wakalala huko.

Ndege ya abiria ya shirika la BOAC ilipita, rubani wake akaona mabaki, hakuona mtu. Taarifa ikaenea duniani kwamba Hemingway amekufa, na magazeti yakachapa tanzia. Kesho yake wao walikuwa wamepata mashua na kufika Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikaanguka na kuwaka moto wakati wa kuruka. Majeraha ya ajali hii ya pili yalimsumbua Hemingway kuliko ya kwanza.

Tumeleta kisa hiki kwa sababu ya yule rubani wa BOAC. Hakusema uongo, alisema alichokiona. Tatizo ni kwamba mabaki yasiyo na mtu yalisomwa kama ushahidi wa kifo. Mtu aliyenusurika huweza kuondoka kwa kuogopa moto, kutafuta maji, kukwepa wanyama, au kwa kuchanganyikiwa tu. Ukifika kwenye ndege ukaikuta tupu, usirudi kijijini na habari ya msiba. Ita kwa sauti. Zunguka polepole ukitazama nyayo, damu, majani yaliyolazwa, kitambaa. Anza upande wa mteremko na wa maji, maana aliyeumia hufuata njia rahisi.

Ulipokuwa umesimama

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wakae kidogo, kwa kuwa jambo hili hufundishwa mara chache na ndilo linalookoa muda kuliko yote.

Sauti katika vilima hudanganya. Mlipuko ulio nyuma ya kilima huweza kusikika kana kwamba umetoka bondeni upande wa pili. Moshi nao, kuanzia Juni hadi Septemba, hausemi mengi katika nchi yetu: nyasi zinaungua, tanuri za mkaa zinafuka, mashamba yanasafishwa. Na miombo ikiwa na majani hufunga juu ya mabaki kiasi kwamba anayetafuta kutoka angani hupita mara kadhaa juu ya ndege asione hata bati.

Kwa hiyo ukiona au kusikia ndege inaanguka, usikimbie kwanza. Baki ulipo kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Laza fimbo ardhini ielekee pale ulipoiona mara ya mwisho, au chora mstari kwa kisigino, kisha uweke alama kwenye mti ulio karibu. Ukiondoka bila kufanya hivyo, baada ya nusu saa ya kutembea utakuwa na hakika kubwa ya mwelekeo usio sahihi. Mwingine aliyeona akiwa shamba jingine afanye vivyo hivyo. Mstari wako na wake ukivutwa kwenye ramani, mahali inapokutana ndipo pa kutafuta. Mashahidi wawili waliosimama mbalimbali wanafaa kuliko ishirini waliokuwa pamoja mnadani.

Simu janja huweza kuonyesha namba za mahali ulipo hata pasipo na mtandao. Ziandike kwenye karatasi au kwenye ngozi ya mkono, ukapige simu utakapopata mawimbi. Asiye na simu hiyo ataje vitu: mto, daraja, mzinga wa fulani, kituo cha askari wa hifadhi, njia ya zamani ya magogo.

Saa nayo itajwe kwa ukamilifu. Marubani duniani kote hutumia saa moja ya pamoja, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukisema "saa nne" bila kuongeza neno, mmoja ataandika saa kumi ya kizungu, mwingine atadhani ni usiku, na wa tatu atalinganisha na kumbukumbu za mnara wa kuongozea ndege akakuta haziafikiani. Sema: saa nne asubuhi, jua likiwa hapa.

Wa kupigiwa ni polisi kwa namba 112, au Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Mtendaji wa kijiji ajulishwe wakati huo huo ili bodaboda zitumwe zahanati. Kama ni ndani ya hifadhi, askari wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) wapewe habari kabla watu hawajaingia kwa wingi. Wao wanajua njia na wanyama, na hakuna sababu ya kumshtaki mwokoaji kwa kosa la kuingia hifadhini ikiwa ameeleza mapema anakokwenda.

Ukifika penye mabaki

Mafuta ya ndege nyingi ndogo huwaka upesi kama petroli. Sigara, jiko na tochi ya moto viachwe mbali. Kaa upande ambao upepo unatokea. Usiguse panga la mbele hata kama limesimama, kwani injini yenye joto huweza kulizungusha tena.

Majeruhi anayevuja damu abanwe jeraha kwa kitambaa safi bila kulegeza. Asiyeweza kusogeza miguu, au anayelalamika shingo na mgongo, asiinuliwe isipokuwa moto unakuja; akilazimika kuhamishwa, wamshike watu wanne au watano, mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Aliyeumia vibaya asipewe pombe wala chakula. Mzungumzishe, hata kama lugha zenu ni tofauti.

Ndege nyingi hubeba kisanduku kinachojiwasha kwa kishindo na kutuma mawimbi ya megahezi 406 kwa satelaiti za mpango wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Michael Grzimek hakuwa na kitu kama hicho, kilikuwa hakijabuniwa. Ukikiona, mara nyingi upande wa mkia na chenye rangi ya kung'aa, kiache kilivyo. Anayekizima akidhani anaokoa betri anawapofusha watafutaji.

Ndege ya uokoaji ikisikika, tafuta uwazi. Panga mashuka, matawi au mawe yatengeneze herufi V ndefu ya mita mbili na nusu au zaidi: maana yake tunahitaji msaada. Herufi X inasema tunahitaji tabibu. Rubani akitikisa mabawa huku na huku mchana, ameelewa.

Watu wa Bukoba hawahitaji kuambiwa nguvu ya walio karibu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alisaidia kufungua mlango kwa kasia. Watu 24 walinusurika, 19 walifariki. Ile ilikuwa ndege kubwa kando ya mji, mchana, na bado dakika za mwanzo zilikuwa mikononi mwa wenye mitumbwi. Porini dakika hizo hugeuka saa.

Wakija wachunguzi

Baada ya majeruhi kuondolewa, mabaki ni mali ya uchunguzi. Chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na kiambatisho chake cha 13, nchi ilikotokea ajali huchunguza ili ajali nyingine isitokee; kutafuta wa kumlaumu si kazi ya uchunguzi huo. Hivyo shahidi asiogope kusema kwamba alikuwa akichoma mkaa pasipo kibali. Aseme alichoona.

Ndege kubwa zina vinasa sauti na mwendo, vile vinavyoitwa visanduku vyeusi japo vimepakwa rangi ya chungwa. Ndege ndogo nyingi hazina. Zinapoanguka, masikio ya mchungaji ndiyo kinasa pekee kilichobaki. Injini ilikuwa ikinguruma sawasawa, ikikohoa, au kimya? Ndege ilizunguka? Kuna kitu kilichodondoka kabla? Kulikuwa na tumbusi angani? Jibu kwa ulichokishuhudia, na useme wazi lile uliloambiwa na wengine baadaye. Mashahidi wa kijiji kimoja wakikaa jioni tatu wakisimuliana, siku ya nne wote watakuwa wameona moto angani, hata yule aliyekuwa amelala. Mwenyekiti wa kitongoji atafanya vyema akiandika maelezo ya kila mtu kwa faragha siku ile ile.

Tumbusi wa Serengeti alijulikana kwa sababu alama za pigo zilisomwa kwenye bawa. Bati lile lingepelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, leo tungekuwa tunasimulia habari ya injini iliyokufa au rubani asiye makini. Vipande huweza kutapakaa mbali na ndege yenyewe, na huendelea kuonekana misimu ya baadaye, nyasi zikishaungua. Mtoto akirudi na kimoja kutoka machungani, kipelekwe ofisi ya kijiji pamoja na mtoto mwenyewe, akaonyeshe alipokiokota.