Upatanifu wa Programu za Mteja na Seva za Zamani: Mfano wa PostgreSQL

Aghalabu hudhaniwa kwamba programu ya mteja na seva ya hifadhidata zikishatumia kanuni moja ya mawasiliano, basi zimekwisha kuelewana. Dhana hiyo ni finyu. Kanuni ya mawasiliano ya PostgreSQL, toleo la 3, imedumu tangu mwaka 2003. Hata hivyo, toleo la 12 lilipotoka mwaka 2019, programu ya psql ya toleo la 11 iliweza kuunganishwa nalo na kutuma maswali ya kawaida, lakini amri yake ya \d, ielezayo muundo wa jedwali, ilishindwa. Amri hiyo iliulizia safuwima ya relhasoids katika majedwali ya mfumo, nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kwa istilahi za isimu, sarufi ilikuwa ile ile. Lililotoweka ni neno.

Upatanifu huu, basi, una mwelekeo. Programu mpya hutazama kwanza toleo la seva, kisha huchagua swali linalolifaa. Programu ya zamani haina habari za mabadiliko yaliyokuja baada yake. Ndiyo maana pg_dump, programu ya kunakili data, hukataa seva yenye toleo kuu jipya kuliko lake, ilhali huzikubali za zamani. Kukubali huko nako kuna kikomo: pg_dump ya toleo la 15, la mwaka 2022, haizihudumii seva zilizotangulia toleo la 9.2. Asasi ambayo data zake zingali katika toleo la 8.4 haina budi kuzitoa kwa pg_dump ya kati, mathalani ya toleo la 14, ndipo izipakie katika seva mpya.