Umeme Ukirudi: Mafunzo Niliyopata kwa Kuandaa Kampasi Siku ya Katizo

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusimamia umeme wa chuo kikuu, huniuliza kuhusu mgao. Mgao naujua, na kukatika kwa ghafla nakujua, lakini vyote viwili vimenifundisha kidogo kuliko katizo la kupangwa, lile linalokuja na tangazo, tarehe, saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Wenzetu wa Unguja hawakupewa tarehe umeme kutoka bara ulipokatika Mei 2008 wakakaa gizani karibu mwezi mzima, wala Desemba 2009 ulipokatika tena kwa karibu miezi mitatu. Sisi tunapewa tarehe, halafu tunashangaa siku ikifika.

Na mtu asidhani makatizo haya yataisha kwa kuwa umeme sasa ni mwingi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, ni umeme mwingi kweli. Lakini nguzo iliyoliwa na mchwa kwa kawaida haibadilishwi laini ikiwa hai, na transfoma inayovuja mafuta haishushwi ikiwa na moto. Kadiri tunavyotunza mtandao, ndivyo tutakavyozimiwa kwa mpango.

1. Orodha ya kweli wanayo walinzi na wasafishaji

Kikao cha maandalizi huwakutanisha wakuu wa idara. Kila mmoja huja na orodha ya vifaa vyake muhimu, na orodha hizo hufanana: kompyuta, projekta, kiyoyozi cha ofisi ya mkuu. Baada ya kikao huwa nazunguka majengo jioni, zamu zinapobadilishana.

Mlinzi wa usiku ndiye aliyenipeleka nyuma ya jengo la sayansi za majini. "Injinia, hawa nao mmewaandika?" Ndani ya banda la mabati kulikuwa na matangi ya perege wa utafiti, na pampu ndogo ya hewa iliyokuwa ikitoa mapovu usiku kucha. Yeye aliijua kwa sauti, kwa sababu ndiyo kelele pekee anayoisikia saa 9 usiku. Kwenye kikao hakuna aliyeitaja. Matangi yaliyojaa samaki namna ile, hewa ikisimama, hayasubiri umeme urudi saa 11 jioni. Samaki huanza kupanda juu wakitweta mapema sana.

Mama anayesafisha ghorofa ya pili alinionyesha friji iliyowekwa kwenye korido, imebandikwa jina la mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa mikoani akikusanya data. Mlinzi wa getini anajua ni dirisha lipi huwa na taa alfajiri, maana yake kuna jaribio linaendelea. Zahanati ya chuo ina friji ya chanjo inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kafteria ina friza ya nyama. Hivi vyote vilikuwa nje ya orodha za wakuu wa idara.

2. Jumapili si siku nyepesi

Makatizo mengi hupangwa Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, kwa hoja kwamba hakuna vipindi. Hoja hiyo ni ya mtu asiyelala hosteli. Jumapili ndiyo siku ya kufua. Asubuhi yote mabomba yanaimba, kamba zinajaa mashuka, na matangi ya juu ya paa yanashuka kwa kasi ambayo siku ya kazi hatuioni. Pampu ikiwa haina umeme, saa 6 mchana matangi ni makavu, na kuanzia hapo tatizo si nguo tena, ni vyoo.

Dawa yake haina gharama. Jaza kila tangi na kila simtanki Jumamosi usiku, kisha watangazie wanafunzi wafue Jumamosi na wajaze ndoo zao. Serikali ya wanafunzi huifanya kazi hii vizuri kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa viongozi wake wako kwenye makundi ya simu ya kila bweni.

Likizo nayo inadanganya. Kipindi wanafunzi wa shahada ya kwanza wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo ni kizuri kwa katizo, ila maabara huwa hazijalala. Hapo ndipo wahadhiri wanapata nafasi ya kufanya utafiti wao, na wanafunzi wa uzamili wanakimbizana na tarehe za kuwasilisha. Bado nitaichagua likizo kuliko wiki ya mitihani ya chuo (UE), lakini sitaiita kampasi tupu.

3. Jenereta kuwaka si jenereta kubeba

Jenereta yetu ilikuwa ikiwashwa kila Jumatatu kwa robo saa, ikinguruma vizuri, na daftari likisainiwa. Haikuwa imebeba kitu. Injini ya dizeli inayozungushwa bila mzigo haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote. Masizi na mafuta mabichi hujikusanya kwenye bomba la moshi hadi yanachuruzika meusi kwenye maungio. Ukiona hivyo, siku ya kazi usishangae ikitoa moshi mzito na kukohoa. Sasa jaribio letu linafanywa kwa kuhamishia jengo zima kwenye jenereta kwa saa moja au zaidi, wahusika wakijua. Betri ya kuwashia hukaguliwa kwanza, kwa sababu jenereta zinazogoma kuwaka mara nyingi sana hugomea hapo.

Halafu kuna hesabu. Jenereta iliyoandikwa kVA 200 ubavuni haitoi kilowati 200. Kwa kipimo cha nguvu (power factor) cha 0.8 kinachotumika kawaida, ni kilowati 160. Mota nayo, ikiwashwa moja kwa moja, hudai mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache za mwanzo. Pampu mbili na lifti zikiwaka kwa pamoja, jenereta iliyoonekana kubwa kwenye karatasi huzama.

Mafuta: jenereta ya ukubwa huo ikibeba mzigo kamili hunywa lita arobaini na kitu kwa saa. Kwa saa nane za katizo ni zaidi ya lita 320, kabla ya kuhesabu kazi kuchelewa. Na Jumapili afisa manunuzi hayupo ofisini, kwa hiyo dizeli ya Jumapili hununuliwa Alhamisi.

4. Hatari kubwa ya siku hiyo iko kwenye vibanda vya kutolea kopi

Hapa sina utani. Pembeni ya kila kampasi kuna vibanda vya steshenari, vinyozi na wauza chipsi, na wengi wana vijenereta vya petroli. Wengine huchomeka waya wa kijenereta kwenye soketi ya ukutani ili umeme uenee kibanda kizima. Kama hawajazima meni swichi, umeme huo unatoka nje ya kibanda.

Transfoma haina upande wa kwenda na upande wa kurudi. Ukiipa volti za matumizi upande wa chini, upande wa juu itatoa kilovolti 11, na juu ya nguzo kuna fundi aliyeambiwa laini imezimwa. Mafundi wa laini hufunga waya za ardhi kabla ya kugusa chochote, kwa sababu hiyohiyo. Lakini mimi siachi usalama wa mtu mikononi mwa ulinzi mmoja. Siku moja kabla napita kibanda kwa kibanda na fundi wangu. Asiye na chenjiova, yaani swichi ya kuhama kati ya umeme wa gridi na wa jenereta, anazima meni swichi mbele yetu, tunaifunga kwa kufuli, na anachomeka vifaa vyake moja kwa moja kwenye kijenereta. Wapo wanaonuna. Mzee mmoja wa kopi alinuna zaidi ya wote, kisha jioni akaja mwenyewe kuuliza bei ya chenjiova.

5. Friza isifunguliwe, na sarafu ina kazi

Watafiti wakipata hofu hufungua friza kuangalia kama bado kuna baridi. Ndivyo baridi inavyotoka. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hutunza baridi muda mrefu zaidi kuliko iliyo nusu tupu. Hata ile ya nyumbani, ikijaa, huweza kukaa takriban siku mbili. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe tunajaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, tunahamishia sampuli zisizo na mbadala kwenye friza zilizounganishwa na jenereta, kisha tunabandika karatasi mlangoni: USIFUNGUE. Mlango usio na karatasi utafunguliwa.

Mtaalamu mmoja wa maabara, mama mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo, hufanya jambo ambalo sikulikuta kwenye mwongozo wowote wa friza zetu. Hugandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu huweka sarafu ya shilingi 200, kisha hukiacha ndani ya friza ya nyuzi hasi 20. Katizo likiisha huangalia sarafu. Ikiwa juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa imezama katikati, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na sampuli zinazoonekana ngumu zimekudanganya. Kwa friza ya nyuzi hasi 80 hautoshi ujanja huo, maana sampuli zinaweza kuharibika kabla barafu haijafikiria kuyeyuka. Hizo zinahitaji kipimajoto chenye betri kinachoandika chenyewe.

6. Ulizia milango

Milango ya kadi yenye sumaku imetengenezwa ili umeme ukikosekana iachie, watu wasinaswe ndani moto ukitokea. Ni busara, lakini maana yake ni kwamba jengo lenye vifaa vya mamilioni linabaki wazi betri za mfumo zikiisha. Kila mlango wa namna hiyo unahitaji mlinzi au kufuli ya kawaida, na ufunguo wake uwe umejaribiwa. Lifti zisimamishwe nusu saa kabla, ghorofa ya chini, milango wazi.

7. Seva zina utaratibu wake

Hili nawaachia watu wa TEHAMA, ila nimejifunza kuwadai jambo moja: wazime kabla, kwa mpangilio, wasitegemee UPS. Betri za UPS nyingi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kwenye chumba chenye joto la pwani huchoka mapema zaidi. Taa yake ya kijani haikuambii zitashika dakika ngapi.

8. Saa ya kurudi ndiyo inayotaka watu

Maandalizi yetu yote ya zamani yaliishia saa 3 asubuhi. Tulizima kwa nidhamu, tukakaa. Nikiangalia vifaa vilivyoharibika kwenye makatizo niliyoyashuhudia, vingi viliharibika jioni, umeme ukirudi, watu wakiwa wameshaondoka.

Kwanza, haurudi mara moja. Mafundi huwasha, hupima, huzima, hurekebisha, huwasha tena. Kompresa ya friza ikikatwa na kuwashwa papo hapo huhangaika kuanza dhidi ya gesi iliyobanwa, na inaweza kuungua. Mama wa nyumbani Mbagala analijua hilo, ndiyo maana friji yake ina friji gadi inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Friza ya utafiti yenye bei ya gari niliikuta imechomekwa ukutani bila kinga yoyote.

Pili, haurudi ulivyoondoka. Kwenye katizo moja ilibadilishwa transfoma inayolisha hosteli na jengo la utawala. Jioni taa ziliwaka vizuri, kila mtu akafurahi, lakini lifti ikakataa kwenda. Watu wakasema imeungua. Pampu ya kisima ilikuwa ikifanya kazi, inanguruma kama kawaida, ila maji hayapandi. Fundi wangu akainama kwenye pampu ya kusukumia maji ghorofani, ambayo mota yake iko nje na ina mshale wa rangi nyekundu kwenye ganda. Akaizima, akangoja feni ya nyuma ipunguze kasi hadi mapanga yaonekane. Yalikuwa yanakwenda kinyume cha mshale.

Kwenye umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu, waya mbili zikibadilishana nafasi wakati wa kufunga transfoma mpya, mota zote za njia tatu hugeuka kuzunguka kinyumenyume. Taa hazijali. Pampu inazunguka hivyohivyo, inatoa maji kidogo yasiyofika popote, na ikiachwa usiku kucha inaharibika. Lifti ilikuwa na kifaa cha kukagua mpangilio wa fezi. Kati ya mashine zote za kampasi, ni hiyo iliyogundua kosa, na ndiyo tuliyoiita mbovu. Marekebisho yalikuwa mepesi: kuwaita mafundi wabadilishe waya mbili pale kwenye transfoma. Ugumu ulikuwa kuwapata, kwa kuwa walishafungasha ngazi.

Tangu hapo mafundi hawaondoki kabla hatujapima mpangilio wa fezi na kulinganisha na vipimo tulivyochukua asubuhi, umeme ukiwa bado upo. Kila jengo lina mtu wake wa jioni, si wa asubuhi tu, na zamu yake haiishi saa 11 hata kama tangazo linasema saa 11. Meni swichi za majengo hubaki zimezimwa hadi umeme utulie kwa nusu saa. Kisha tunawasha kwa zamu: pampu za maji, friza moja baada ya nyingine, seva, lifti, taa za madarasa.

Viyoyozi vya ofisi huja mwisho, wakati mwingine Jumatatu asubuhi. Simu za malalamiko huanzia hapo, na karibu zote hutoka kwa watu waliotuma udhuru siku ya kikao.