Besi yangu inavuma tu, noti hazisikiki

SWALI: Napiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Ilembula. Tukialikwa Makambako au Njombe, watu husikia mngurumo tu. Nikiongeza sauti, unazidi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiongeze sauti, punguza uzito. Uzi wako mnene kuliko zote, ule wa E, hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi za kukodi hazishuki vizuri hadi huko. Sikio huitambua noti hiyo kwa mitetemo ya juu yake: 82, 123 na kuendelea. Kwa hiyo, kwenye ampu shusha besi kidogo, kisha pandisha sauti ya kati, hasa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 500 na 800. Ukipiga peke yako utaiona kavu, hata mbaya. Vumilia, ikichanganyika na drumu itakaa mahali pake.

Ila ninaoushuku zaidi ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Akipiga noti za chini pamoja nawe, noti zenu zitagongana na hakuna fundi mitambo atakayezitenganisha. Mwombe kwa upole apande oktavu moja, au aupumzishe kabisa mkono huo. Nawe zima kila uzi usioupiga, maana nyuzi zilizoachwa wazi huvuma zenyewe.

Ampu itoe kwenye kona ya ukumbi, kwa kuwa kuta mbili huzidisha mvumo. Ipandishe juu ya meza imara, ielekee masikio yako badala ya magoti.