Chupa iliyogeuka ua, na mkono ulioigeuza

SWALI: Nimependa chombo cha maua cha glasi ya chupa kuukuu. Muuzaji anasema kimetengenezwa kwa mkono na ni biashara ya haki. Nitajuaje kama ni kweli?

JIBU: Anza na chombo chenyewe. Kigeuze. Glasi ya kupuliza mara nyingi huwa na kovu kitakoni, pale ilipobanduliwa kwenye fimbo ya chuma. Kwenye mwanga utaona viputo vidogo. Vyombo viwili vikifanana kama mapacha, shuku kiwanda.

Ila kazi ya mkono peke yake si haki. Muulize muuzaji: fundi ni nani, bei alipanga nani, na analipwa lini? Mafundi wengi huacha vitu dukani kwa mali kauli, wakasubiri malipo miezi. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) zinataka fundi wa kazi za mikono, akiomba, apewe malipo ya awali ya angalau asilimia 50 bila riba.

Ukifika Arusha, tembelea karakana ya Shanga. Mafundi wake, wengi wakiwa watu wenye ulemavu, huyeyusha chupa mbele ya wageni. Muuzaji mkweli hafichi karakana.